Asiyeona Hana Mdomo: Kutoka Kangundo Hadi Slovenia na Kurudi

Niliondoka Kangundo kwa sababu ya nyuki. Ushirika wetu wa asali, ambao mimi ni katibu wake, ulipata barua kutoka kwa wafugaji wenzetu wa Slovenia, nchi ndogo ya Ulaya yenye milima mingi na mizinga mingi zaidi. Walitaka tumtume mtu mmoja akae nao siku kumi na mbili aone wanavyofanya kazi. Wanachama walinichagua mimi, si kwamba nawajua nyuki kuliko wengine, bali kwa kuwa mimi huandika kila ninachokiona. Walitaka mtu atakayerudi na daftari lililojaa.

Daftari lilijaa. Mambo ya mizinga nimeshayasoma mbele ya wanachama, na waliosinzia walisinzia. Hapa nasimulia zile kurasa ambazo niliziruka mkutanini.

Shida ilikuwa moja. Jumapili ya katikati ya safari yangu ndiyo iliyokuwa siku ya fainali.

Kwa msomaji asiye wa huku, nieleze kidogo. Kila Agosti timu za vituo vyetu hugombea fahali. Sisi wa Kangundo ni watu wa vilima na mibuni, na wale wa Ekalakala wako kule chini upande wa Masinga, kwenye jua na mashamba ya ndengu. Wao hutuita Kahawa, sisi huwaita Ndengu, na hakuna anayekasirika mpaka mpira uanze. Mimi nilizaliwa Kangundo. Mke wangu Ndinda, ambaye wengi humwita Mama Mumo kwa jina la mtoto wetu wa kwanza, alizaliwa Ekalakala. Kwa hiyo nyumba yangu ina amani miezi kumi na moja kwa mwaka.

Mwaka jana tulikutana nao fainali vilevile, na Ndengu wakatufunga. Ndinda hakuiona mechi ile. Nilikuwa nimealika wageni tisa nyumbani, na wakati timu yake inachukua fahali yeye alikuwa jikoni akisukuma chapati zao. Jioni alipofungua mdomo kunicheka, nilitunga sheria papo hapo: asiyeona hana mdomo. Mtu ambaye hakuiona mechi kwa macho yake haruhusiwi kuitaja mpaka fainali nyingine. Niliitangaza mbele ya Mutiso, fundi wa baiskeli ambaye benchi lake liko nje ya kibanda cha Ndinda cha kushona nguo, na ambaye ndiye hakimu wa mabishano yote ya soko letu. Mutiso, shabiki wa Kahawa kama mimi, aliipitisha bila kuuliza swali.

Ndinda alinyamaza mwaka mzima. Alikuwa akishona tu, na kila mtu alipotaja mpira alikanyaga cherehani kwa nguvu zaidi. Sikujua kwamba mwanamke anaweza kunyamaza akiwa anahesabu siku.

Siku ya barua kufika, alisoma tarehe za safari mara mbili, akakata uzi kwa meno.

"Baba Mumo," akaniambia kwa sauti ya huruma, "hii safari ni baraka. Na fainali itakuwa lini?"

Mutiso akaacha kuziba pancha.

"Wee, Katibu! Ni hiyo Jumapili!"

"Nitaitazama kwa simu," nikasema.

"Simu ni jicho?" akauliza Ndinda.

Tulibishana hapo mpaka chai ya Mutiso ikapoa. Mwishowe hakimu alitoa uamuzi. Simu ni jicho, mradi mtu aone moja kwa moja, mpira ukiwa bado unachezwa. Kurudiwa hakuhesabiwi, na kusimuliwa hakuhesabiwi. Na kwa kuwa mtandao una matatizo yake, haikuwa lazima nione kila kitu. Lazima nione goli la ushindi.

"Usipoliona," Mutiso akasema, na nilimwona anasikitika, "hata Kahawa wakishinda, wewe utakaa kimya hapa benchi kama mzigo wa makaa. Mwaka mzima. Ni sheria yako, bwana."

"Na nani atanishikia simu uwanjani?"

"Mimi," akasema Ndinda. "Si niko na simu nzuri kuliko zote hapa? Ya Mutiso imepasuka kioo."

Hilo lilikuwa kweli, na hapo ndipo nilipokosea kwa mara ya kwanza.

Ijumaa, Machakos mjini. Nilishuka kununua begi na soksi nzito. Nikiwa sokoni, Ndinda alinipigia kuniambia kwamba mama yake alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho hospitalini na alitakiwa arudi kuangaliwa baada ya wiki mbili. Ekalakala ni mbali, kwa hiyo angekaa kwetu.

Kwetu Wakamba, mtu na mama mkwe wake wana nthoni, yaani ile heshima yenye aibu ndani yake. Siku hizi imelegea kwa wengi, lakini si kwa mama mkwe wangu. Mimi na yeye tumesalimiana miaka kumi na minne tukitazama pembeni. Sijawahi kula mbele yake. Tukikutana njiani, mmoja wetu hukumbuka ghafla kwamba ana shughuli vichakani. Hawezi kulala ndani ya nyumba niliyomo. Safari yangu ndiyo iliyomfungulia mlango, na nilifurahi kwa dhati kwamba ningemwachia nafasi. Nilimnunulia kikopo cha majani mazuri ya chai, nikamwachia dukani kwa Ndinda.

Kesho yake gari la ushirika lilinifikisha uwanja wa ndege. Begi langu lilifunguliwa kwa ajili ya chupa sita za asali, na ofisa mmoja aliniuliza kama asali ya Kangundo ni tamu kweli. Nilimwambia aonje. Alionja kwa kidole, akaniombea safari njema kama ndugu. Nililala angani, nikaamka mahali pa kubadilisha ndege ambapo bei ya chupa ndogo ya maji ilinifanya niirudishe rafuni, kisha nikalala tena.

Jumapili ya kwanza, adhuhuri, nilifika. Wenyeji wangu, Franc na mkewe Ana, walikuwa wakinisubiri na karatasi yenye jina langu, ingawa katika ukumbi ule wa uwanja wa ndege hakuna ambaye angenichanganya na mtu mwingine. Wote wawili wamestaafu ualimu na wanajua Kiingereza, kwa hiyo tulielewana. Tulipanda milimani saa nzima kwa gari lao mpaka kijijini kwao. Nyumba zao zina maua madirishani, kila nyumba, kana kwamba kuna askari anayekagua.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na banda la mbao lenye mizinga arobaini, imepangwa kama droo za kabati, na kila droo ina picha yake iliyopakwa rangi usoni: samaki, mtakatifu, dubu amebeba bunduki.

"Kwa nini picha?" nikauliza.

"Nyuki ajue mlango wake," akasema Franc. "Asiingie kwa jirani."

Nikaandika. Nikaandika pia kwamba nyuki wao ni wa kijivu na wapole ajabu. Franc anafungua mzinga akiwa na kofia ya majani tu, mikono mitupu, anawapuliza kidogo kama mtu anayepoza uji. Nilimweleza kwamba wa kwetu ukiwapuliza hivyo watakusindikiza mpaka mtoni. Alicheka, lakini nilijua hakuamini.

Jumatatu hadi Ijumaa nilijifunza. Hayo yako kwenye ripoti. Katika kurasa hizi nitaandika mambo mawili tu niliyogundua. La kwanza, kwenye nyumba ile ya mawe mtandao ulikuwa hafifu, na mahali pekee ambapo simu ilishika vizuri ni nje, kwenye kibao cha kukalia mbele ya mizinga. La pili, chakula cha Jumapili mchana kwa Ana ni ibada. Kinaanza saa sita na nusu, kinaanza na supu, na simu huwekwa kwenye kikapu mlangoni.

Fainali ilikuwa saa nane kwetu. Kwao hiyo ni saa saba. Nilipiga hesabu ile mara tatu, na kila mara jibu lilikuwa supu.

Jumamosi jioni nilimpigia Ndinda tufanye mazoezi.

"Shika simu kwa mlalo," nikamwelekeza. "Usiitikise. Simama nyuma ya kibendera cha kona, hapo utaona magoli yote mawili."

"Sawa, Baba Mumo."

"Na usizungumze na watu."

"Nisizungumze na watu? Uwanjani? Si watasema nimeringa kwa sababu bwana yangu ako Ulaya?"

Nilipaswa kulipima neno lile. Sikulipima. Hilo lilikuwa kosa la pili.

Jumapili ya pili, saa sita na nusu. Nilikunywa supu haraka hata Ana akaniongeza, akidhani nimeipenda. Ilipobaki dakika tano niliweka kijiko chini na kumwambia Franc kwamba nimesikia mlio usio wa kawaida bandani, nadhani kundi moja linataka kuhama, labda niende nikawachunguze. Franc alitaka kuinuka. Nikamwambia mgeni naye aachiwe kazi, jamani, ninyi kuleni. Nikaichukua simu yangu kikapuni, nikatoka. Mungu anisamehe; nyuki wale walikuwa wametulia kama wanakwaya wakati wa mahubiri.

Saa saba kamili picha ikafunguka. Niliuona uwanja wetu wa shule, vumbi lake jekundu, tangi la maji upande wa kushoto wa goli la juu na kanisa upande wa kulia, na watu wamejaa mpaka juu ya ukuta. Ndinda alikuwa ameshika simu kwa mlalo, imara kabisa.

Kwa dakika kumi na mbili niliona kila kitu. Niliona hata kijana wetu wa winga ya kulia amefunga viatu kwa kamba mbili za rangi tofauti. Kisha Ndengu wakapata mpira wa adhabu, wakapiga, wakafunga. Goli lile nililiona vizuri kuliko refa. Simu haikutikisika hata kidogo. Ndinda akaisogeza polepole niwaone wakishangilia, kisha nikamsikia akiniuliza, "Unaona, Baba Mumo? Au nisogee karibu?"

"Naona," nikasema huku nimeuma meno.

Dakika ya ishirini Kahawa wakaanza kupanda kwa kasi upande wa kushoto. Ghafla uwanja ukapotea, na badala yake nikaona kidevu.

"Katibu! Wakya!" Alikuwa mzee wa kanisa wa mtaa wetu, akinisalimu kwa Kikamba.

"Aa," nikaitikia, kwa kuwa ni lazima uitikie. "Mzee, mpira..."

"Huko kuna baridi?"

"Kuna baridi kidogo. Mzee, naomba..."

"Na wanakula ugali?"

Sasa, msomaji wa kwetu ananielewa. Mtu akipiga simu kutoka nchi za watu, hiyo simu si yake. Ni ya kijiji. Inapita mkononi kwa kila mmoja, kila mmoja anaamkua, anauliza baridi, anauliza chakula, anasema usitusahau, na anayekata kabla ya mwisho wa foleni atakumbukwa kwa ubaya mpaka kwenye mazishi yake. Baada ya mzee alikuja mwalimu wa chekechea. Baada yake mama wa maziwa. Baada yake mtu ambaye mpaka leo simjui, aliyetaka nimletee jaketi. Nyuma ya sikio lake niliona miguu ikikimbia, nikasikia kelele kubwa kuliko zote, kisha matundu mawili meusi yakajaza kioo chote. Zilikuwa pua za Mutiso.

"Katibuuu! Umeona hiyo?"

"Nimeona pua zako!"

"Tumesawazisha! Moja kwa moja! Aki umekosa kitu!"

"Mutiso, mrudishie Mama Mumo simu. Mwambie ageuze!"

Simu ikarudi kwa mwenyewe. Nikaona uso wa mke wangu, mpole kabisa.

"Pole, watu wanakupenda sana," akasema. Nikaanza kuelewa niko mikononi mwa nani.

Kipindi cha pili alinionyesha kila shambulizi la Ndengu, kuanzia kwa kipa wao. Kahawa wakipata mpira tu, nasalimiwa. Nilijaribu ujanja. Nikasema sauti haitoki, nikaonyesha sikio kwa kidole. Ndinda akawaambia watu, "Hasikii, lakini anaona, mpungieni mkono," na mkono baada ya mkono ukapunga mbele ya kioo kama foleni ya kupiga kura.

Dakika za mwisho, bado ni moja kwa moja. Winga wetu wa kamba za rangi mbili akaingia kwenye eneo la hatari, akaangushwa. Nililiona hilo kwa sababu aliyekuwa na zamu ya kunisalimu alikuwa mfupi. Filimbi ikalia. Penalti!

Uwanja wetu hauna uzio. Penalti ikitolewa, watu wote humwagika ndani na kujipanga nyuma ya mpigaji, na waliokaa huhama na viti vyao. Picha ikaruka huku na kule, kisha ikatulia. Niliuona mpira umewekwa. Nilimwona kipa wa Ndengu akitema mate mikononi. Lango lilikuwa mbele yangu, tangi kushoto, kanisa kulia.

Halafu nikamsikia Ndinda akisema kwa sauti ya asali, "Mama, shika. Mkwe wako anataka kukusalimia."

Picha ikageuka, na mbele yangu, kwenye kiti cha plastiki walichombeba nacho hadi uwanjani, alikuwa mama mkwe wangu.

Niliinamisha kichwa. Mwili wangu ulikiinamisha wenyewe, kama miaka kumi na minne ilivyoufundisha.

"Mwana wangu, u mzima?" akaniuliza.

"Mimi mzima, mama," nikaliambia goti langu.

"Ahsante kwa majani ya chai."

"Si kitu, mama."

Kumwambia mama mkwe "ondoa uso wako nione mpira" ni jambo ambalo mdomo wa Mkamba hauna umbo lake. Kukata simu usoni pake ni matusi. Ndinda alijua hayo yote. Alikuwa ameitunza risasi yake hadi penalti.

Uwanja ulinyamaza, kumaanisha mpigaji alikuwa ameanza kurudi nyuma. Na hapo, nikiwa bado nimeinama, nilikumbuka jambo. Nilikuwa nimeona kitu cheusi kinachong'aa usoni pa mama. Baada ya upasuaji walikuwa wamempa miwani, ile nyeusi pana kama ya mchomeleaji.

Niliinua macho. Nakiri, niliinua macho na kumtazama mama mkwe wangu usoni. Najitetea kwamba macho yake sikuyaona, yalikuwa nyuma ya kioo cheusi. Lakini ndani ya kioo hicho, upande mmoja, kulikuwa na goli dogo kama kiberiti, na mtu mdogo kama siafu akianza kukimbia. Siafu akapiga. Siafu mwingine akaruka upande wake, na kitone kikapita upande mwingine, kona ya kushoto. Kisha kiberiti chote kikatetemeka.

"Goliii!" nikapiga ukelele kwenye bustani ya Ana, na mkono wangu ukagonga mtakatifu wa mzinga wa kumi na saba.

Huko Kangundo kelele zilikuwa nyingi mno kwa mtu yeyote kunisikia. Lakini mama mkwe alikuwa bado ameuelekeza uso wake kwangu. Kisha akasema taratibu, "Haya, mwana wangu, baki salama," na simu ikakatika.

Franc alikuja mbio, kitambaa cha mezani bado kifuani.

"Nini? Umedungwa?"

Nifanye nini? "Ndiyo," nikasema. "Nimedungwa."

"Na nyuki hawa?" Alitazama mizinga, akanitazama, na nikaona jinsi sifa zote za wafugaji wa Ukambani zilivyoporomoka usoni pake. Ana alileta kipande cha kitunguu, akanibandika shavuni pasipokuwa na kitu, na nikamaliza Jumapili ile nikila keki nikinuka kachumbari.

Siku zilizobaki zilikuwa tamu na chungu. Tulikuwa tumeshinda mbili kwa moja. Nilikuwa nimeona goli la ushindi, moja kwa moja, mpira ukichezwa, kama sheria inavyotaka. Lakini ningewaambia nini? Kwamba nililiona wapi? Kila nilipolitunga jibu nilimwona mama mkwe ndani yake.

Alhamisi niliagana na wenyeji. Franc alinipa ubao mmoja wa mzinga, aliouchora mwenyewe. Una picha ya mtu mweusi amekaa mbele ya mizinga, ameshika simu, kinywa wazi. Juu ya shavu lake kuna nyuki.

"Ili ujue mlango wako," akasema. Sijui kama alikuwa ameelewa zaidi ya nilivyodhani.

Ijumaa alasiri, Kangundo. Mama mkwe alikuwa bado yupo, kwa kuwa kuangaliwa jicho kulikuwa kumeahirishwa hadi kesho yake. Aliposikia gari alihamishia mzigo wake kwa jirani ili usiku akalale huko, lakini kwa sasa alikuwa kwenye jiko letu la nje, mlango umerudishwa nusu, kama ilivyo adabu. Mutiso na watu wa benchi walikuja kunilaki, wakakaa uani. Ndinda aliwapa chai. Alikuwa na uso wa mtu anayesubiri keki iumuke.

"Karibu nyumbani, Katibu," Mutiso akaanza. "Tuko na kesi. Goli la ushindi, uliona?"

"Niliona."

Ndinda akacheka kwa mara ya kwanza baada ya mwaka. "Wacha uongo! Wakati huo simu ilikuwa na mama. Uliona wapi, kwa mkoba wake?"

"Nimesema niliona."

"Basi swali moja," akasema Mutiso, akinikonyeza kwa matumaini. Alitaka nishinde, maskini. "Mpira uliingia kona gani? Ya tangi au ya kanisa?"

Niliiona tena, wazi kabisa. Kitone, kona ya kushoto. Kushoto ni tangi.

"Ya tangi," nikajibu bila kusita.

Uani palilipuka. Mtu alimwaga chai. Ndinda alishika mbavu. "Kanisa! Ilikuwa ya kanisa! Hata mtoto wa nasari anajua!" Mutiso alishika kichwa kama aliyekosa penalti mwenyewe.

Nilibaki nimesimama, sioni nilipokosea, mpaka jicho langu likaanguka kwenye kioo kidogo cha kunyolea nilichokitundika ukutani. Shati langu lina mfuko kushoto. Mle kiooni mfuko ulikuwa umekaa upande wa pili. Nilielewa kwamba kioo hugeuza pande, na kuelewa hakukunisaidia. Jibu langu lilikuwa na sababu moja tu duniani, na sikuweza kuitamka mita tano kutoka jikoni kwa mwenye miwani.

"Basi," nikasema. "Sina mdomo."

"Ameona."

Sauti ilitoka nyuma ya mlango wa jiko. Watu wote wakageukia huko.

"Mama," akasema Ndinda, "lakini amekosa swali."

"Nyinyi mmeimba hilo goli la kanisa wiki nzima. Mtu ambaye hakuona angepiga simu aulize. Angekuja hapa akisema kanisa, kanisa, kama kasuku. Mwongo hakosi swali rahisi." Tulisikia kifuniko cha sufuria kikirudishwa. "Huyu aliona kwa macho yake, akaona vibaya. Sheria yenu inasema aone. Haisemi aone vizuri."

Mutiso alisimama, akavua kofia kuelekea jikoni.

"Kesi imeisha! Katibu ako na mdomo!"

Benchi lote likanipigia makofi. Ndinda alinitazama, akautazama mlango, akanitazama tena. Alijua ameshindwa, ila hakujua na nani.

Jumamosi asubuhi mama mkwe alienda Machakos kuangaliwa jicho, na kutoka huko akaunganisha kwao. Jioni Ndinda aliniletea kifurushi kidogo kilichofungwa kwa leso.

"Mama amesema nikupe hii. Daktari amemwambia asivae tena." Ndani mlikuwa na miwani nyeusi, imefutwa mpaka inang'aa. "Na anasema kuna mbuzi wa kahawia hapa kwetu, yule mwenye pembe moja. Apelekwe Ekalakala. Anasema wewe unajua ni wa nini."

Nilijua. Kwetu, mkwe akivunja nthoni huirudisha kwa mbuzi, na maneno huishia hapo. Mbuzi alipelekwa Jumatatu.

"Ni wa nini?" Ndinda aliniuliza siku ile, na ananiuliza mpaka leo.

Nimejifunza mambo mengi Slovenia kuhusu nyuki. Kuhusu watu nimejifunza hapa hapa nyumbani, ya kwamba anayetunga sheria aipime kwanza shingoni mwake, na kwamba mwanamke aliyekaa pembeni na kiti chake cha plastiki huenda ndiye anayeiona mechi yote. Mdomo niliupata, na nimeutumia kwa kiasi. Kila nikianza kulisifu lile goli, hukumbuka nililionea wapi, nikainamisha kichwa. Watu wa benchi hudhani ni unyenyekevu.

Ndinda husoma kila ninachoandika kabla sijakituma. Hiki nimekituma kabla hajarudi kutoka sokoni.